Shati Lililogoma Kuoza

Chwaaa!

Kimya kidogo. Halafu tena: chwaaa!

Mpelelezi Msumari alisimama kwenye korido ya kituo cha polisi, mkono juu ya kitasa. Nyuma ya mlango wa stoo ya vielelezo kulikuwa na mtu anachana nguo, na katika stoo ile hakukuwa na nguo ya mtu kuchana. Aliusukuma mlango kwa bega.

Mtunza stoo alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, shati kuukuu la sare mapajani.

"Unachana nini?"

"Sare yangu ya zamani, afande. Napata matambara ya kung'arishia viatu. Imeoza kwapani, ukiigusa tu inakubali." Alivuta kipande kingine. Chwaaa. "Ulidhani nachana kesi yako?"

"Ungechana kesi yangu, ningekuchana wewe."

"Kesi yako ipo pale juu, imetulia kuliko marehemu. Tena nikuambie, shati lake ni zima kuliko langu. Lipigwe pasi tu, mtu anaingia nalo harusini."

Mtunza stoo alicheka peke yake. Msumari alivaa glavu, akaishusha bahasha kutoka kwenye rafu.

Kwa maneno ya Mkubwa wa kituo, kesi hiyo ilikuwa imekwisha. Wachimba mtaro walikuwa wamekuta maiti ya mkulima pembeni mwa shamba lake mwenyewe, bondeni, chini ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Mkulima huyo alikuwa ameaga nyumbani miezi minane nyuma, akisema anapeleka udongo wa shamba lake mjini ukapimwe, na tangu hapo simu yake haikuita. Daktari aliandika kwamba maiti ilikaa ardhini wiki sita. Msimamizi wa wapuliza dawa katika shamba kubwa la jirani, mtu waliyemwita Bomba, akatoa maelezo kwamba wiki sita nyuma alimwona mkulima akishuka kwenye lori, akielekea kwa mdogo wake. Na mdogo wake alikuwa amerudi bondeni miezi miwili tu nyuma, kutoka alikokuwa akijenga daraja, na watu walikuwa wamemsikia akidai sehemu yake ya shamba kwa sauti. Akakamatwa. Jumatatu angepandishwa kizimbani kwa mauaji ya kaka yake.

Msumari alilitandaza shati mezani. Lilikuwa la pamba, mistari ya bluu, vifungo vyeupe, isipokuwa kimoja cheusi shingoni. Alishika pindo kwa mikono miwili, akavuta. Halikuachia hata uzi. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Afande, utalipasua!" mtunza stoo alisema.

"Ndilo ninalolitaka. Limekataa."

Alikunjua kola. Ndani ya mkunjo, pale ambapo maji ya mochwari hayakufika, palikuwa na vitu vidogo vya manjano, vyepesi kama makapi. Alivikusanya kwa kibano, akavitia kwenye kifuko cha plastiki, akaandika alama yake na kumtaka mtunza stoo aandike ya kwake.

"Mimi tena? Nimekuja kuchana sare tu."

"Weka saini. Leo umefanya kazi bila kujua."

*

Daktari alikuwa akinawa mikono. Hakugeuka.

"Wiki sita. Niliandika wiki sita, na kizimbani nitaapa wiki sita."

"Ulipimaje?"

"Mwili, nguo, na mahali penyewe. Tope jeusi, joto. Zaidi ya wiki sita ningekuta mifupa na vifungo."

"Sare ya mtunza stoo wetu imeoza kwa jasho, na haijawahi kuzikwa. Hili limelala kwenye tope wiki sita, na nimelivuta mpaka mabega yameniuma. Halina hata tundu. Inawezekana?"

Daktari alifunga bomba la maji. Alichukua muda mrefu kukausha vidole.

"Kwa shati peke yake, ningesema wiki moja."

"Na kwa mwili peke yake?"

"Mwili ulikuwa mkavu. Ndani ulikuwa umekwenda mbali kuliko ngozi ilivyoonyesha. Ningesema miezi."

"Kwa hiyo shati linasema wiki, mwili unasema miezi. Ukafanya nini?"

"Nikachukua katikati."

Msumari alimtazama.

"Daktari, hii ni maiti. Si bei ya nyanya, mwuzaji anataja yake, mnunuzi yake, mnakutana katikati."

"Usinifundishe kazi! Bonde lile nalijua, nimekulia ng'ambo ya mto. Shuka likianguka shambani kwetu, msimu haujaisha unakuta pindo tu. Udongo ule unakula kila kitu."

"Ulikulia lini?"

"Zamani."

"Kabla ya kiwanda cha betri?"

Daktari alitupa taulo kwenye ndoo. "Kiwanda kinatoa moshi. Moshi haukaushi maiti."

"Mtu yuko selo kwa sababu ya katikati yako," Msumari alisema. "Nikirudi, uwe na kalamu."

*

Aliyempigia simu alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mtaalamu wa udongo katika maabara ya kilimo. Walikutana bondeni asubuhi iliyofuata. Shemeji alishuka kwenye gari na kisanduku cha mitungi ya kioo, buti za mpira zikiwa zimempita magoti.

"Shemeji, miaka yote hii hujawahi kunialika popote. Leo unanialika kaburini."

"Nikikualika penye chakula dada yako atauliza maswali."

"Chimba basi. Ukinipatia nyungunyungu mmoja tu, nitakupikia mimi mwenyewe."

Msumari alichimba. Hakupata. Walipita mtaro mpya ambako maiti ilitolewa, wakaingia shambani. Mabua ya mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa yamelala pale pale yalipoangushwa, makavu, masafi, kama mvunaji ameenda kunywa maji na anarudi sasa hivi. Hapakuwa na njia ya mchwa wala uyoga. Kwenye lundo la samadi, Msumari alichomoa unyasi mmoja, mzima, akaunusa. Haukunuka chochote.

"Samadi isiyonuka," shemeji alisema. Utani ulikuwa umemtoka. "Hii sijaipenda."

Nyumba ilikuwa juu kidogo ya shamba. Mbele ya mlango alikaa mama mzazi wa marehemu, ambaye pia ni mama mzazi wa aliye selo, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Mjane alitoka nyuma ya nyumba na jembe begani.

"Shikamoo, mama," Msumari alisema.

"Marahaba. Umemleta mwanangu?"

"Bado, mama."

"Basi nirudishie marahaba yangu."

Mjane aliteremsha jembe. "Mmekuja kuchukua nani safari hii? Wanaume wamekwisha. Tumebaki sisi na watoto."

"Nimekuja kuuliza. Kuna kitu chochote cha pamba kilichozikwa shambani hapa, na mnakumbuka kilizikwa lini?"

Wanawake wawili walitazamana. Mjane alicheka, kicheko kikavu kama mabua yake.

"Askari."

"Askari gani?"

"Mbwa wetu. Mume wangu alimzika wakati tunapanda yale mahindi ya mwaka jana, ndani ya shuka la kitanda chetu. Alikunywa maji ya mtaro baada ya watu wa shamba kubwa kusuuza mabomba yao ya dawa ya magugu. Hakufika jioni."

"Nionyeshe."

"Unataka kumfukua mbwa?"

"Ndiyo."

"Fukua! Ni askari mwenzenu." Alimtupia jembe miguuni. "Tena ndiye askari pekee aliyewahi kuilinda nyumba hii. Nilipokuja kituoni kusema mume wangu haonekani, yule wa meza ya mbele alinijibu kwamba wanaume hutoroka, nirudi nikapike. Nikarudi. Nikapika. Na yeye amelala hapo, hatua chache tu kutoka jikoni kwangu!"

Msumari aliliokota jembe.

Kaburi la mbwa lilikuwa upande ule ule wa mtaro, kwenye udongo ule ule mweusi. Alichimba kwa uangalifu, shemeji akipiga picha kila hatua. Kwanza likaonekana ua jekundu. Halafu ua la pili. Halafu shuka lote, jeupe lenye maua mekundu, limekunjwa vizuri kama mtu anavyokunja kitu anachokihurumia. Msumari alishika ncha mbili, akavuta kwa nguvu zake zote.

Hakuna chwaaa.

Alifunua. Manyoya yalikuwepo. Sikio lilikuwepo, hata kamba ya shingoni.

Mama mzazi alikuwa amesogea bila wao kusikia. Aliinama. "Mbona kama wa juzi?"

"Ana karibu mwaka, mama?"

"Alikufa kwenye kupanda. Sasa tulipaswa tuwe tumeshavuna tena."

Shemeji alichuchumaa, akajaza mtungi mmoja udongo wa pale, akaufunga na kuubandika alama.

"Nielezee kama utakavyomweleza hakimu," Msumari alisema.

"Kitu hakiozi chenyewe, shemeji. Kinaliwa. Kijiko kimoja cha udongo mzima kina viumbe wengi kuliko watu wa nchi. Kuvu wanaanza kuitafuna pamba, bakteria wanamalizia, wengine wanakula mabaki ya wale. Ni kijiji kizima, kila mmoja na kazi yake. Sasa kiwanda kinashusha risasi, ile ya kwenye betri, na shaba, kwa moshi na kwa maji. Hizo ni metali, haziozi wala haziishi. Wale watafunaji wanakufa. Wanabaki sugu wachache, kazi wanayoijua ni kuvumilia sumu, basi."

"Na dawa ya magugu?"

"Hapo ndipo panaponiuma. Kwenye udongo mzima, kuna vijidudu vinavyoila hiyo dawa pole pole mpaka inakwisha. Hapa risasi imeshawaua walaji. Kwa hiyo dawa inakaa. Msimu ujao wanapuliza nyingine juu yake. Nayo inaua waliobaki."

"Mlinzi kauawa, mwizi kahamia sebuleni."

"Mwambie hakimu hivyo hivyo. Mtungi wa pili nitaujaza kule juu, mama anakosema alizaliwa, ambako moshi haufiki. Udongo hupumua, na pumzi yake inapimika. Nipe siku moja."

"Unaweza kuniambia maiti ilikaa muda gani?"

"Hapana. Naweza kukuambia kwamba kwa udongo huu, daktari wako hawezi kukuambia."

Nusu ya kesi ilikuwa imeanguka. Msumari alitoa kile kifuko cha plastiki, akampa mjane.

"Unakijua hiki?"

Mjane alikisogeza kwenye jua. "Mbelewele. Ua la juu la mhindi. Linadondoka ukipita shambani, linakuingia mpaka shingoni."

"Mara ya mwisho mahindi yenu yalichanua lini?"

"Mwaka jana. Yalichanua, hayakuzaa. Msimu huu hayakuota kabisa."

"Na kwa wengine? Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, kuna shamba lolote bondeni lilikuwa na mbelewele?"

"Angalia mwenyewe." Alizungusha mkono. Hapakuwa na kijani mpaka kwenye senyenge ya shamba kubwa, na ng'ambo ya senyenge walipanda alizeti.

"Siku mume wako alipoondoka?"

"Yalikuwa yamechanua yote. Alipita katikati akafupishe njia, makopo yake ya udongo mkononi." Alimrudishia Msumari kifuko. "Alivaa shati la mistari. Kitufe cha shingoni kilikuwa kimekatika, nikamshonea alfajiri hiyo hiyo. Sikuwa na cheupe. Akaniambia, mke wangu, umenigonga mhuri."

"Cheusi."

"Cheusi. Umejuaje?"

"Hakuwahi kutoka katika mahindi haya," Msumari alisema. "Hakufika mjini wala hakushuka kwenye lori lolote. Mbelewele iliyomwangukia siku ile ndiyo iliyokuwa shingoni mwake alipofukuliwa. Udongo haukuila, kama haukumla Askari."

Mama mzazi alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Wakati wa mbelewele," alisema taratibu, "mdogo wake alikuwa bado darajani."

"Ndiyo, mama. Msimamizi wake na kundi zima la wajenzi walikuwa naye."

"Sasa yule aliyemwona marehemu akishuka kwenye lori, alimwona nani?"

"Hilo," Msumari alisema, "naenda kumwuliza."

*

Hakwenda siku hiyo. Alisubiri simu ya shemeji, nayo ilikuja kesho yake.

"Mtungi wa juu umepumua mpaka karatasi ya kupimia imegeuka rangi yote. Mtungi wa kaburini, karatasi iko kama nilivyoiweka. Maandishi nimeshasaini. Na shemeji, wale watoto wakapimwe damu. Usingoje kesi iishe."

Alipitia mochwari. Daktari aliziangalia picha za mbwa moja baada ya nyingine, akarudi kwenye ya kwanza. Kisha akavuta karatasi, akaandika kwamba anaondoa muda aliokadiria, na sababu. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili.

Stoo ya dawa ya shamba kubwa ilikuwa na harufu inayokaa kwenye meno. Bomba alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, anazibua midomo ya mabomba kwa sindano. Alikuwa rika moja na marehemu, mabega mapana, viganja vimepasukapasuka kama tope lililokauka. Konstebo aliyefuatana na Msumari alisimama mlangoni.

"Karibu, afande. Samahani, kiti hakuna."

"Nitasimama. Nataka tu kuyakaza maelezo yako kabla ya Jumatatu. Wakili wa yule kijana atasema kulikuwa na giza, hukumwona vizuri kaka yake."

"Giza gani? Jua lilikuwa halijazama."

"Atasema ulimfananisha na mtu."

"Nimfananishe!" Bomba alikohoa, akapangusa mdomo kwa mkono wa shati. "Mtu tuliyecheza naye utotoni? Alipita hapa, karibu kama wewe ulivyo."

"Hakimu anapenda vitu vya kushika. Alivaaje?"

"Shati la mistari ya bluu."

"Mashati ya mistari yapo mengi."

"Hilo lilikuwa na kitufe cheusi hapa." Aligusa shingo yake. "Vingine vyeupe. Nilimtania hata, nikamwambia umeoa mke asiyejua rangi."

"Akajibuje?"

"Akacheka."

"Konstebo, umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Msumari alichutama mpaka macho yao yakalingana.

"Shati lile lilitoka mtaroni likiwa bonge la tope. Rangi yake tumeiona sisi, daktari na mtunza stoo, baada ya kuoshwa. Kitufe kile cheusi kilishonwa alfajiri ambayo marehemu aliondoka nyumbani, mbelewele zikiwa zimechanua. Na katika mahindi yale yale, kabla hajafika barabarani, aliuawa. Kwa hiyo aliyekiona kitufe, alikiona siku ile. Wewe umekiona."

"Alivaa tena. Aliporudi."

"Hakurudi. Kola imejaa mbelewele. Wiki sita nyuma bondeni hapa hapakuwa na hata mhindi mmoja uliosimama."

"Daktari alisema wiki sita! Kila mtu alisikia!"

"Ndiyo. Wewe ulisikia, ukapata mahali pa kusimamisha uongo wako. Daktari alikosea, ukajenga nyumba juu ya kosa la mwenzako. Leo ameliondoa. Kalikata tawi, wewe umekaa juu yake."

Sindano ilidondoka kwenye ndoo. Bomba hakuitafuta. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Mbona hakuoza?" aliuliza.

Konstebo alijikuta amesogea hatua moja. Msumari hakusogea.

"Rudia."

"Mbona hakuoza, afande? Pale tulizika paka, mimi na yeye, tungali watoto. Tukarudi kufukua tuone. Hatukukuta hata mkia. Udongo ule haubakishi kitu."

"Ndiyo maana ukamzika pale."

"Nilitaka aache yale makopo tu. Nilimwambia, ukiyafikisha mjini shamba litafungwa, tutakula nini sisi? Akaniambia, wewe unakula tayari, tuambie ladha yake. Mbele ya watu angeniambia hivyo ningecheka. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa na bomba la chuma mgongoni." Alivikunja viganja. "Udongo ulipaswa kummaliza."

"Udongo uliouona utotoni umekufa. Mmeuua ninyi, kiwanda kwa moshi wake na wewe kwa dawa yako. Ulikwenda kuficha maiti ndani ya maiti."

"Walituambia inaua magugu. Magugu tu. Haidhuru kitu kingine."

"Ukaamini?"

Bomba aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira ya kweli.

"Nimeibeba mgongoni miaka yote hii, afande. Ningeibebaje bila kuamini?"

Konstebo alimfunga pingu. Ilibidi amfunge taratibu, maana ngozi ya viganja ilikuwa inavuja damu kila ilipokunjwa.

*

Mkubwa wa kituo alisaini karatasi za kumwachia mdogo mtu bila kukaa.

"Hongera. Una muuaji, una maneno yake. Funga faili."

"Na kiwanda? Na shamba kubwa? Maandishi ya maabara yapo."

"Mauaji ni yetu. Udongo si wetu. Peleka kwa wanaohusika na udongo."

"Ni akina nani?"

"Ukiwapata, nijulishe." Akavaa kofia.

Alasiri hiyo Msumari aliendesha gari mwenyewe. Mdogo wa marehemu alikaa nyuma, ndevu zimemwota selo, viatu havina kamba. Njia nzima alisema neno moja tu, walipouona moshi wa kiwanda.

"Wanaendelea."

"Wanaendelea."

Mjane alikuwa wa kwanza kumwona shemeji yake akishuka. Hakumkumbatia. Alikuwa amemwita muuaji mbele ya watu, na wote wawili walikumbuka. Alikwenda kuleta maji ya kunawa, akamshikia birika mpaka alipomaliza. Kijana akasema, "Asante, shemeji," na hapo mjane akaiweka birika chini, akalia.

Mama mzazi hakuinuka. Alimgusa mwanawe uso, masikio, mabega, kama anayekagua kitu alichokuwa ameazimisha. Kisha akamgeukia Msumari.

"Sasa marahaba yangu unaweza kubaki nayo."

"Asante, mama."

"Bomba nilimnyonyesha. Mama yake alipougua, nilimpa yeye titi hili, mwanangu marehemu hili." Alisema bila kupandisha sauti. "Yule binti wa mitungi anasema udongo huu utapona lini?"

Msumari alikuwa ameuliza swali hilo hilo. "Dawa inaweza kwisha, wakiacha kupuliza. Risasi haiishi, mama. Itabaki hapa baada yetu sote. Watoto wasile kitu cha hapa. Kesho gari la hospitali linakuja kuwapima."

"Kwa hiyo mmenirudishia mtoto, na hakuna pa kumlisha."

"Ndiyo."

Kijana alitaka kusema kitu, mama akamzuia kwa kiganja.

"Sikia, baba. Mwili wa mwanangu bado uko kwenu. Mtanipa lini?"

"Keshokutwa."

"Mkubwa wako alimtuma mtu. Anasema tumzike haraka, hapa hapa, shambani kwake, mambo yaishe." Aliuokota udongo mweusi kando ya mguu wake, akaufinya, akaufungua mkono. "Hapa alishalala miezi minane, ukamkataa. Mtu akizikwa anapaswa kwenda. Awe majani, awe mahindi, awe chochote. Mimi sitaki mtoto wangu abaki mzima chini ya miguu yangu, ananingoja. Kule juu nilikozaliwa, udongo unapumua, binti alipita hapa akanionyesha karatasi imegeuka rangi. Lakini lile ni shamba la watu sasa, na mimi sina wa kunisemea."

Ng'ambo ya senyenge, wapuliza dawa walikuwa wanarudi kwa mstari, mabomba mgongoni, hawana msimamizi. Walipunguza mwendo walipouona umati mdogo mbele ya nyumba. Msumari alivua kofia. Alisema kwa sauti kubwa, kila aliye kwenye mstari ule amsikie.

"Mama, nitakwenda mimi kuomba hiyo ardhi, na nitachimba kwa mikono yangu. Nakuahidi mbele ya watu hawa: mwanao atazikwa kwenye udongo ulio hai."